Vipande Vyako Vyote, Dada Awuor

Mpendwa dada Awuor,

Mwaka ule nilikuwa nimeandikwa kazi kwenye ofisi ya video za harusi, Kawangware, kituo cha 46. Wewe ulikuwa umelala nyumbani kwako Kisumu Ndogo, umekonda, huwezi tena kwenda kuuza omena, vile visamaki vyako vya ziwani. Ukaniita nije na kamera.

"Nataka kuongea na Atieno, aje anione akiwa mkubwa," ukasema. Bintiyo alikuwa na miaka minne.

Uliegemea ukuta, ukafunga kitambaa chekundu kichwani. Ulikuwa unaongea kidogo, pumzi inaisha, nazima kamera. Ukipata nguvu tunaendelea. Ulimfundisha kuosha omena mchanga utoke. Ulimtajia majina ya babu zake. Mara ya mwisho ulishikwa na kikohozi, kikakataa kuisha, ukalia. Nikataka kufuta.

"Wacha hivyo hivyo," ukaniambia. "Ajue niliugua. Asifikirie nilimtoroka."

Tulikuzika. Niliporudi kazini niliingiza vipande vile kwenye kompyuta, kila kimoja faili yake. Mama yetu alikuja kuvitazama. Cha mwisho kilimshinda.

"Hiki toa, mwanangu. Mtoto ataogopa."

Kwenye ile skrini nyeusi ya amri niliandika copy /b, amri ya kuunganisha faili, kisha majina ya faili kwa mpangilio wa jinsi ulivyoongea, katikati yake alama ya kujumlisha, na mwisho jina la faili mpya: atieno.mpg. Nilipofika kwa kile kipande cha kikohozi vidole vilisita. Nikakiandika. Mashine ikanguruma kwa muda, vipande vyako vyote vikawa kitu kimoja, na wewe bado ulikuwa umekufa.

Tulipanga kungoja akue. Lakini Atieno alikuwa anazunguka ploti, anabisha kila mlango akikuulizia. Siku moja Mama akachoka. "Mwonyeshe tu," akasema.

Nilimweka mbele ya kompyuta. Alicheka alipokuona. Aliitikia kila ulipomtaja. Kisha ukaanza kukohoa.

"Anti, mpe maji!"

Kabla sijasema neno alikuwa ameshuka kwenye kiti. Akarudi na kikombe, kimejaa, kinamwagika, akakusogezea hapo kwenye kioo cha kompyuta. Ulipozidi kukohoa akakiinua juu zaidi, kwa mikono miwili.

"Mama, kunywa."

Lala, dada.

Mdogo wako wa kukufuata