Eksirei ya Leodegar

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Aprili 1978

Mpendwa mdogo wangu Leodegar,

Hujambo huko Uingereza? Yale mafua yamekuachia? Sisi tunaendelea. Masika yameanza na uwani kwetu ni matope matupu. Baada ya salamu, nina jambo linalonikaba rohoni.

Ulipoondoka, Mzee Awadhi, balozi wetu wa nyumba kumi, aliniuliza umekwenda kusomea nini. Nikaona haya. Wenzako wamekwenda kusomea kilimo na udaktari, mimi niseme wewe unatazama makundi ya galaksi? Nikajibu, "Eksirei." Nilijua atafikiria ya hospitali, nikanyamaza. Habari zikafika hadi kijijini.

Shangazi Scholastika alianza kukohoa wakati wa mavuno. Zahanati wakamwambia aje mjini apigwe picha ya kifua. Alifika kwangu Januari, lakini kwenda hospitali akakataa katakata. "Hiyo picha atanipiga mwanangu Leodegar mwenyewe akirudi. Kasomea hiyo hiyo." Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikaogopa aibu, nikamchemshia tangawizi.

Mwezi uliopita akatema damu. Mimi na jirani yangu Zamzam tulimbeba hadi kwenye teksi. Ni kifua kikuu. Daktari akaniuliza, "Mlikuwa mnangoja nini?"

Nilimweleza shangazi yote pale kitandani, kama ulivyowahi kunieleza mimi. Kwamba darubini ya kawaida inaonyesha galaksi zenyewe zilivyokusanyika, kila moja na nyota zisizohesabika. Lakini kati yao kuna gesi ya moto isiyoonekana kwa macho. Hiyo inatoa eksirei, na mnainasa kwa chombo kilichorushwa juu kabisa, nje ya hewa yetu. Nilisema huku nalia.

Akauliza, "Ni mbali?"

"Mbali sana, shangazi."

"Na Leodegar hakujua kama namngoja?"

"Hakujua."

"Basi yeye hana kosa."

Juu yangu hakusema kitu.

Usishtuke, anapona. Sindano zimemkubali, na ugali anaanza kuumaliza. Ila pafu moja halitarudi kama zamani. Kila siku nampelekea uji. Anapokea, anashukuru, anageukia ukutani.

Juzi kaletwa mama mmoja kitanda cha jirani, hataki kupigwa picha mpaka mumewe afike kutoka Lindi. Shangazi akajiinua kwa kiwiko: "Nenda leo, mama. Mimi nilimngoja mtu ambaye picha zake anapiga mbinguni." Wodi nzima ikacheka. Mimi nilitoka nje.

Wanangu Pantaleo na Josepha wanakusalimu sana, Zamzam pia. Mungu akutunze ugenini, akurudishe ukiwa mzima.

Nakuomba umwandikie shangazi, Josepha atamsomea. Mweleze hizo galaksi kwa maneno yako. Jana nilitaka kumweleza tena, akanizuia kwa mkono: "Acha, Hyasinta. Hayo nitayasikia kwake."

Ni mimi dada yako, nikupendaye daima,
Hyasinta