Pamba Mashavuni

Mjukuu wangu Neema,

Huku Kulesa tu wazima. Mpunga unaanza kuiva, na mbuzi wangu amezaa mapacha.

Umeniuliza kama vipandikizi vya uso, vile vya kujaza mashavu, mnavyouza kwenye kliniki yenu huko Nairobi vitapata wateja mpaka huku Garsen. Watapatikana, mwanangu. Mimi ningekuwa wa kwanza, miaka ile mashavu yangu yalipokuwa yamebonyea, na ya binamu yangu Rehema yamejaa kama maandazi.

Kulikuwa na harusi pale Wema. Nilikuwa nimechoka kumtazama yeye tu akitazamwa, basi nikajaza pamba mashavuni, huku na huku, nikaenda. Walinitazama! Hata kijana aliyekuwa habanduki kwa Rehema alikuja kunisalimu. Lakini ningemjibuje? Ningefungua mdomo, pamba ingetoka. Pilau ikapita, nyimbo zikapita, mimi nimetulia kama maji mtungini. Rehema akaangua kicheko chake kile, kijana akamrudia. Mpaka leo ni mumewe.

Kwa hiyo soko lipo. Tatizo lenu ni kwamba mteja akishajaziwa mashavu, atataka na kicheko.

Juzi Rehema alinitembelea. Meno hana, na mashavu yamebonyea kuliko yangu. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Kisha akacheka, na wajukuu wangu wote wakaniacha wakamkimbilia yeye.

Mkianza kupandikiza kicheko, nijulishe mapema. Nitauza mbuzi na watoto wake.

Ni mimi nyanyako, bado nina wivu.