Udongo wa Lango la Kaskazini

Via dei Conciatori 14,
Castelmora, Italia.
10 Novemba 2019

Mpendwa kaka Learco,

Pokea salamu zangu na za Mama, zivuke bahari zikukute mzima. Goti lako linaendeleaje? Wifi Graciela na wanao hawajambo? Huku mimi ni mzima, ila Mama amepungua sana. Anakunywa supu vijiko vitatu, kisha anailaumu chumvi.

Wameanza kuubomoa uwanja wetu wa mpira. Lile jukwaa la mbao alilolijenga babu na wenzake wa kiwanda cha ngozi limeshalala chini. Eti unakuja uwanja mpya wenye paa, maduka na hoteli. Nilisimama mbele ya uzio wa mabati nikalia kama mjinga, watu wananitazama.

Mama aliposikia, aliikata skafu ya Baba, akashona mfuko mdogo. Akaniambia, "Nenda ukamchote baba yako kabla hawajamtupa. Nitazikwa naye."

Mwaka 2003 wewe hukuwahi mazishi yake. Tulifanya kama familia nyingi za mashabiki: tulimwendea Adelmo, mtunza nyasi, akatufungulia geti dogo asubuhi, akavua kofia na kutugeuzia mgongo tulipokuwa tukimwaga majivu ya mwili wa Baba nyuma ya lango la kaskazini. Tangu hapo, kila siku ya mechi, Mama alikuwa akipunga mkono kule langoni kabla ya kuketi.

Basi nikamtafuta Adelmo. Siku hizi anatembea kwa mkongojo, lakini geti bado wanamfungulia. Nikamwonyesha mfuko.

"Nives, mzee wako hayupo pale," akasema.

"Hayupo vipi? Si wewe uliyetufungulia?"

"Mwaka 2008 walichimba uwanja mzima, wakaweka mabomba ya kutolea maji. Udongo wote ulibebwa na malori, sijui ukamwagwa wapi. Familia zaidi ya thelathini, dada yangu! Ningeanza kumwambia nani? Nikawaacha mpunge."

Kaka, nilitaka kumchapa kwa kile kimfuko. Miaka kumi na moja Mama anayapungia mabomba! Lakini mzee alikuwa ameshavua kofia tena, nikaacha kumgombeza. Tukapiga magoti wote wawili, tukachota udongo uleule uliokuwapo. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kwa nini.

Mama ameupokea. Analala nao kifuani. Anausimulia matokeo ya mechi, anausuta kwa sigara ambazo Baba alikuwa akizificha bafuni. Mimi hufunga mlango wa jikoni nisisikie.

Shangazi Ivonne anakusalimu, na binamu Oreste pia, ambaye bado anadai ulimwibia baiskeli.

Limebaki moja. Jana Mama aliuambia mfuko kwamba wewe unakuja Krismasi, kwamba umemwahidi kwenye simu. Nakufahamu, Learco. Ulisema tu ili umridhishe, kama mimi nilivyomletea udongo. Daktari haoni kama ataifikia Pasaka. Uongo wangu hauwezi tena kugeuka kweli. Wako bado unaweza.

Mungu akulinde safarini.

Dada yako anayekupenda hata akikukaripia,

Nives