Viti Viwili vya Meza ya Saba

Bweni la Wanafunzi, Chumba 614,
Auckland.
9 Novemba

Mpendwa Shangazi Losaline,

Salamu zangu zikukute hapo kisiwani, Pangai, ukiwa mzima. Goti linaendeleaje? Na Bibi Vika, bado anawafokea kuku kama wajukuu zake? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na ndiyo sababu nakuandikia wewe kabla ya Baba, maana mbele yako hata Baba hunyamaza.

Chuo hiki ni kikubwa mno. Ukumbini tunakaa watu mia tisa, mhadhiri tunamwona kwenye skrini, na tangu Machi hakuna mwalimu anayelijua jina langu. Jumapili sisi wanafunzi wa visiwani kwetu tunapika majani ya magimbi kwa tui la nazi, na Kefasi, kijana wa visiwa vya Vava'u ninayekaa naye bweni moja, hanipi nafasi ya kupumua.

"Daktari, leo umempasua nani?"

"Nitaanza na wewe, ukiendelea na huo mdomo."

Wanacheka, nacheka nao. Nasikia hata mchungaji wa hapo nyumbani ananiita daktari kwenye maombi. Mwambie aache.

Yaliyonikuta ni haya. Mwezi wa Julai kompyuta ya chuo ilitugawa wanane wanane kwa mazoezi ya maabara, kila Jumanne. Mimi nikapangiwa meza ya saba. Siku ya kwanza nimeshakaa, mlango ukafunguka, akaingia Ilaisaane, binti yako na dada yangu kwa mila yetu. Na somo la muhula mzima, nisamehe kulitaja, lilikuwa uzazi. Picha ukutani, viungo vya plastiki vya kupitishwa mkono kwa mkono, kaka na dada, ambao kwetu hata filamu hawatazami pamoja, meza moja! Nilikusanya karatasi zangu nikatokea mlango wa nyuma, sikugeuka.

Nikajisemea, asome yeye. Yeye ndiye dada, na wewe ulitufundisha kwamba dada humtangulia kaka, tena ana akili kunishinda. Tangu hapo kila Jumanne nilikaa kwenye mkahawa wa jengo la wahandisi na kikombe kimoja cha chai mpaka kipindi kiishe.

Nilijaribu kuhama meza. Fomu inataka sababu: ugonjwa, msiba au kazi. Nikachagua "nyingine", nikaandika kwamba dada yangu yumo. Nikajibiwa hongera, kusoma na ndugu kunasaidia sana.

Kumwandikia Ilaisaane mwenyewe sikuweza. Ningeanzaje, na jambo lenyewe ndilo lisilotajika kati yetu?

Oktoba ikaja barua. Aliyekosa zaidi ya vipindi viwili hafanyi mtihani, na asiyefanya mtihani huo udaktari ndio basi. Nafasi ya kujitetea ilikuwa moja tu, Alhamisi iliyopita asubuhi, na lazima ufike mwenyewe. Nilivaa ule mkeka wa heshima wa kiunoni ulionisukia, nikawahi, nikakaa kwenye korido. Nikasikia hatua za mtu, nikainua macho. Ilaisaane, na barua kama yangu mkononi.

Nilidhani labda aliugua. Nikawaza, nikibaki hapa atalazimika kueleza shida zake kaka yake akisikia. Nikanyanyuka bila neno, nikashuka ngazi.

Mchana nikakutana na Prisha, msichana wa Fiji aliyekuwa meza yetu.

"Hivi nyie wawili mna nini?" akaniuliza. "Wewe na yule dada mrefu wa kwenu?"

"Tuna nini tena? Si mnasoma naye?"

"Tusome naye wapi! Siku ile ulipotokea mlango wa nyuma, yeye akatokea wa mbele. Hatukumwona tena. Viti vyenu tunawekea mikoba. Na leo nimempisha kwenye ngazi za upande wa pili, anashuka mbio huku analia."

Shangazi, ndipo nikaelewa. Jumanne zote hizo yeye aliniachia mimi kiti, nami nilimwachia yeye. Na Alhamisi majina yetu yaliitwa kwenye korido isiyo na mtu.

Nimekata tamaa kabisa. Baba nitamwambia nini? Ubaya ni kwamba hata nikirudishwa pale kesho, akiingia nitatoka. Sijui kufanya vingine.

Nakuomba umpigie simu yeye kwanza, wala usimgombeze. Alitoka ili mimi nibaki.

Nisalimie Bibi Vika, Mzee Mosese na mdogo wangu Lupe, na Baba pia, ila barua hii usimwonyeshe mpaka umshikishe kwanza kikombe cha chai. Mungu awafunike nyote kwa huruma yake.

Desemba tunarudi nyumbani kwa ndege moja, kanisa lilitukatia tiketi pamoja. Nimeomba kiti cha nyuma kabisa, ili Ilaisaane akae mbele kwa raha. Naogopa na yeye ameomba cha nyuma.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na nisiyejua pa kuweka uso,
Feleti