Mke Wangu Anamtafuta Mwanamke Anayenipikia Njiani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, lakini kwanza ujue unaongea na mtu mwenye bahati, maana mimi ni dereva wa lori la masafa marefu, nimelala kwenye miji mingi kuliko kunguni, na nyumbani kwangu kumetulia, hakuna kelele wala kununiwa, madereva wenzangu wakipigiwa simu na wake zao wanatoka jasho, mimi simu yangu imenyamaza tu.

Kilichonileta ni kioveni. Ni kidogo, cha kubeba, unakichomeka kwenye tundu la kuwashia sigara pale kwenye dashibodi, asubuhi unapanga nyama, viazi na vitunguu, unafunga mfuniko, unaondoka zako, injini ndiyo inakupikia, na ukisimama mchana ukafungua, mvuke unakupiga usoni mpaka unasahau mgongo unauma. Mwanzoni nilitoa kuku mweusi nje, mbichi ndani, na siku moja nilizima injini nikakiacha kinavuta umeme, betri ikafa, lori langu likavutwa na trekta la mkulima huku watoto wakishangilia, lakini kichwa changu ni chepesi, shule niliiacha mapema isije ikanichosha, nikajifunza, na sasa napika kuku ambaye angefufuka angenishukuru.

Hapo ndipo nilipojiroga. Wenzangu walifuata harufu, wakauliza nani kapika, nami nikaona aibu, mwanaume mwenye kifua hiki nimejifungia kwenye kabini namenya vitunguu huku nalia, nikasema, "Mke wangu huyo, ananiandalia kila safari." Nyumbani nako nimejitangaza miaka yote kwamba sijui hata maji yanachemkaje, kwa hiyo mke wangu alipokiona kioveni kwenye begi nikamwambia ni betri ya akiba.

"Mbona inanuka vitunguu?"

"Betri za siku hizi, mama, zina mambo."

Basi majuzi nikamkaribisha nyumbani dereva mwenzangu tunayemwita Breki, kwa sababu mdomo wake hauna, na kabla hata hajakaa akamshika mke wangu mkono kwa mikono miwili: "Shemeji, Mungu akuzidishie! Ile nyama yako ya njiani, na ile ndimu unayokamulia mwishoni! Sisi wote tunaishi kwa mikono yako."

Mke wangu, ambaye hajawahi kunifungia hata kiazi cha safari, akamtazama, akanitazama mimi, akasema taratibu, "Asante, shemeji. Salamu zitamfikia."

"Zitamfikia nani tena?"

"Mwenyewe anayepika."

Breki alipoondoka niliapa kwamba sina mwanamke mwingine, akaniuliza, "Basi nani anapika?" na mdomo huu, mshauri, uliowalainisha askari wa barabarani wa kila aina, ukakwama, nikaona heri nikohoe. Nikakohoa.

Sasa nifanyeje? Nimefikiria kumtuma Breki akanisemee, au kumpelekea mke wangu bakuli la nyama, aonje moyo ulainike.

Halafu ile bahati niliyokuanzia nayo ni uongo. Nyumba imetulia kwa sababu haina mtu. Mke wangu yuko kwa dada yake na simu zangu hapokei.

Dereva wa Masafa

*

Ndugu Dereva,

Pole. Nilicheka, kisha nikamfikiria mkeo, nikaacha. Amekaa kwa watu anajiuliza huyo mwanamke ni mzuri kiasi gani, kumbe mwanamke mwenyewe ni wewe na kitambi chako! Umeona afadhali akuhesabu mzinzi kuliko ajue unamenya vitunguu. Aibu gani hiyo, baba? Mtu anayepitisha tela kwenye kona za milima anashindwaje kutamka neno "mimi"?

Hilo bakuli liweke chini. Ukipeleka nyama iliyoiva utakuwa umempelekea mkono wa huyo mwanamke, tena wenye ndimu. Breki naye mwache, ameshasaidia vya kutosha.

Azima gari dogo, beba kioveni chako, uende kwa shemeji yako mchana, na vitu vyote vya kupika viwe vibichi. Egesha uani, acha injini iungurume. Mwambie mkeo, dada yake akisikia: "Anayepika ni mimi. Nimewadanganya wenzangu, na wewe nimekudanganya." Kisha kaa chini umenye. Asipotoka nje, menya hivyo hivyo, dirisha analo. Na usijisifu! Habari za kuku kufufuka zibaki kwenye lori.

Kioveni chako ni cha polepole, nashukuru, maana atapata muda wa kukuuliza swali lenyewe hasa: tangu umejua kupika, umerudi nyumbani mara ngapi ukamkuta amechoka, ukakaa mezani kusubiri sahani? Hapo sasa usikohoe. Mjibu, hata kama jibu linakuvua nguo.

Ukirudi kazini waambie na wenzako. Watakucheka mpaka wachoke, kisha watakuuliza ndimu unaikamulia lini.

Chakula kikiiva, mpakulie yeye kwanza. Akila akanyamaza, usimuulize kama chumvi imekolea, wala usimuulize anarudi lini nyumbani. Inuka uoshe vyombo.