Kidole Gumba cha Neema

Jumanne usiku

Mwarobaini nao umeshindwa. Leo nimempaka mjukuu wangu Neema kwenye kidole gumba. Akakunja uso, akakifutia kwenye kitenge changu, kisha akakirudisha mdomoni.

"Bibi, kidole hakiumwi, mbona umekipaka dawa?"

Nimecheka, lakini wasiwasi ninao. Januari anaanza shule, na watoto wa hapa Ihanja wakianza kumtania hawatamwacha. Halafu alianza kunyonya kidole mama yake alipoenda kufanya kazi Manyoni. Nikimnyang'anya kidole, nimwachie nini?

Nimemkumbuka marehemu mama. Hata mimi nilinyonya. Jioni, tukishamaliza kupiga alizeti, alikaa nami mkekani, rozari mkono mmoja, mwingine akanipa mimi. "Shika kidole changu, chako kipumzike." Kilikuwa kigumu, kinanukia alizeti. Nilikuwa nalala kabla hajamaliza kusali.

Basi leo, wakati wa rozari, nimempa Neema changu. Amekikagua kwanza.

"Hiki hakina dawa?"

"Hakina, mama."

Amelala amekishika, mdomoni hamna kitu. Asante, Mungu wangu. Mkono wangu wa kushoto umekufa ganzi, ila siuondoi.