Anwani Nne kwenye Kadi Moja

Mpendwa Dada,

Salamu nyingi zikufikie wewe, Shemeji na hicho kifaranga chenu. Natumaini homa yake imekwisha na sasa mnapata usingizi. Sisi hapa tuko wazima wa mwili. Mama anatembea mpaka getini bila kushika ukuta, na ulimi wake umepona kabla ya kidonda, maana anamgombeza kila anayepita.

Mimi nimeponea chupuchupu kufukuzwa kazi. Unajua mkuu wetu alivyo bahili. Uhasibu, ghala na mapokezi walitaka kila idara iwe na seva yake, yaani kompyuta ya kutunzia kazi zake. Mkuu akasema iliyopo inatosha, nitafute ujanja. Ujanja upo, Dada. Kadi ya mtandao ni moja na waya ni mmoja, lakini unaweza kuibebesha kadi hiyo anwani kadhaa, yaani namba za kuitambulisha mashine mtandaoni, na kila anwani ikajibu kana kwamba ni mashine nyingine. Nikaiongezea tatu juu ya ile yake ya asili. Basi kila idara ikawa inaringa, na mhasibu akadai seva yake ina kasi kuliko ya mapokezi. Nilicheka peke yangu.

Kosa langu ni kwamba nilizipachika kwa amri za papo hapo tu, sikuziandika kwenye faili la mipangilio, lile ambalo mashine hulisoma kila inapowaka. Jumatatu umeme ukakatika. Mashine ilipowaka ilikumbuka anwani yake ya asili tu, zile nyingine zikawa zimefutika. Simu zikaanza kulia. Mhasibu alikuja juu akitaka kujua seva yake imekwenda wapi, nikalazimika kumwambia kwamba haikuwahi kuwepo. Alinitazama vibaya sana. Nilizirudisha zote, safari hii nikaziandika, lakini ilinibidi nirudie amri moja mara tatu, na si kwa ugumu wa kazi.

Dada, kaa chini kwanza. Mpe Shemeji mtoto.

Kaka yetu hayupo tena. Kifusi kilimwangukia kule machimboni, wiki ileile Mama alipofanyiwa upasuaji wa moyo na wewe ukiwa umelazwa kusubiri kujifungua. Wenzake walimzika kulekule, wakaniletea begi na simu yake. Daktari alikuwa ametuonya Mama asipate mshtuko, na wewe niliogopa ungempoteza na mtoto huyu, kama yule wa kwanza. Nikajiambia nitangoja kidogo. Mama akatuma ujumbe kumuuliza Kaka amekula nini, nikajibu kwa simu yake. Tangu hapo najibu mimi, na mkipiga naandika kwamba machimboni mtandao ni mbovu. Hata ule ujumbe wa kukupongeza, ule uliosema ulikuliza, niliuandika mimi nikiwa nimekaa kwenye ngazi za hospitali. Nisamehe.

Ningeendelea hivyo hivyo, maana nimekuwa mwoga. Lakini jana Mama alimwandikia tena Kaka. Amemwambia kwamba mimi nimekonda, sicheki tena, na nikiulizwa nasingizia kazi. Amemwomba azungumze nami taratibu, kwa kuwa tangu utotoni yeye ndiye ninayemsikiliza.

Simu iko hapa mezani na sijajibu. Njoo, Dada, tumwambie pamoja. Peke yangu sitaweza.

Msalimie Shemeji, na umbusu mtoto. Mama anakusalimu sana. Anadhani nakuandikia habari za kazini.

Ndimi mdogo wako,
Kitindamimba